Barua za Chama Zikae Wapi? Shauri la Kuchagua Programu ya Kutunza Barua Pepe



Tangu Kamati ilipotia katika makisio ya mwaka huu fungu la fedha kwa ajili ya programu ya kutunza barua pepe, wanachama wengi wamefika afisini kuuliza sababu yake. Wapo waliosema kuwa fedha hizo zingefaa zaidi kununulia majamvi au miche. Swali lao ni la haki, nasi twaona yafaa lijibiwe hapa kwa urefu na kwa maneno ya kawaida, ili kila mwanachama ajue ni kitu gani kinachotakiwa kununuliwa, kwa sababu gani, na mambo gani ya kutizamwa kabla fedha hazijatoka.

Wazee wametwambia kuwa mali bila daftari hupotea bila khabari. Daftari la leo si kile kitabu cha jalada gumu peke yake. Bei ya majamvi, masharti ya mkopo wa benki, tarehe ya kufika miche, malalamiko ya mwanachama juu ya mizani, yote hayo siku hizi huja na kwenda kwa barua pepe. Barua ikipotea, basi daftari limepotea.

KHASARA IKO WAPI?

Tuchukue mfano. Tuseme chama kimeagiza majamvi 2,000 kabla ya msimu. Mwuzaji ameandika kwa barua pepe kwamba atayaleta yote kwa wakati, na kwamba kila jamvi litakalochelewa atalipunguzia bei kwa shilingi 500. Karani aliyeipokea barua hiyo alikuwa akitumia anwani yake mwenyewe, aliyoifungua katika simu yake. Msimu unaingia, majamvi yaliyofika ni 1,200 tu, na karani amekwisha kuhamia Dar es Salaam kwa kazi nyingine. Mwuzaji anasema hapakuwa na ahadi yo yote ya kupunguza bei. Chama kitaonyesha nini? Majamvi 800 kwa shilingi 500 ni shilingi 400,000, na hizo ni mbali na khasara ya karafuu mbichi zilizokosa pa kuanikwa. Kila mkulima anajua kuwa karafuu mbichi hazingoji. Zikilundikwa huvunda na kushuka daraja.

Wala si lazima karani awe mtu mbaya. Akaunti ya mtu binafsi huweza kufutwa bila ya mtu ye yote kukusudia. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuwa akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa muda wa miaka 2 zaweza kufutwa, na kazi hiyo ilianza mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Tena akaunti ya bure ya Gmail ina nafasi ya gigabaiti 15, nayo yachangiwa na picha na mafaili mengine ya mwenyewe. Nafasi ikijaa, barua mpya hazipokelewi, na mwenyewe hulazimika kufuta za zamani. Katika kufuta huko, ni nani atakayejua ipi ilikuwa barua ya chama?

Tutizame kwa upande wa pili mambo ya kale. Majalada ya biashara ya karafuu ya zama za ukoloni yamo katika Nyumba ya Nyaraka, Kilimani, mjini Unguja. Mwaka 1937 sheria ilikipa chama cha wakulima wa karafuu cha zama zile, kilichoundwa mwaka 1927, haki ya kuwa mnunuzi peke yake wa karafuu za kusafirishwa, na wafanya biashara wa Kihindi wakagoma mpaka mwaka 1938. Mambo yale yanajulikana leo kwa sababu barua zake zilitunzwa. Karatasi zile zilisalimika kwa kuwa ziliwekwa mahali pamoja, zilipangwa kwa nambari, na hazikuwa mali ya karani aliyeziandika. Barua pepe zetu zinahitaji mambo hayo hayo matatu, wala hazihitaji zaidi.

NAKALA YA AKIBA SI HIFADHI

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Nakala ya akiba ni mfano wa sanduku la barua kama lilivyokuwa usiku nakala ilipochukuliwa. Faida yake ni kurudisha vitu baada ya ajali. Mwezi wa Februari 2011 hitilafu katika programu ya Google iliwafanya watu wachache wa Gmail, kama asilimia 0.02, wakute masanduku yao matupu, na barua zao zikarudishwa kutoka katika nakala zilizokuwa juu ya tepu. Hiyo ndiyo kazi ya nakala ya akiba.

Lakini nakala ya akiba haimzuii mtu kufuta. Barua iliyoingia saa 2 asubuhi na kufutwa saa 5, nakala ya usiku haitaikuta. Programu ya hifadhi kazi yake ni nyingine. Yenyewe huchukua kila barua, huiweka pasipo kubadilishwa, huiandikia faharasa ili ipatikane, na huitunza kwa muda uliowekwa, hata kama aliyeiandika amekwisha kuondoka. Chama kinavihitaji vyote viwili, na mwuzaji akisema kuwa kimoja chatosha, yafaa aulizwe mara ya pili.

MASWALI MATANO KWA MWUZAJI

La kwanza: programu inachukua barua wapi? Zipo zinazoingia katika sanduku la kila mtu kwa zamu, pengine mara moja kwa siku, na kunakili zilizomo. Nyingine huchukua nakala mlangoni, yaani pale pale barua inapoingia au kutoka, kabla mtu hajapata nafasi ya kuifuta. Njia hii ya pili ni bora, lakini yataka seva ya barua iruhusu kutoa nakala hiyo. Basi kwanza yapasa kuuliza anayetuwekea barua zetu kama anaweza.

La pili: ni nani anayeweza kufuta au kubadili? Haifai awe mtu mmoja peke yake. Programu nzuri huandika kila mtu aliyeingia, saa aliyoingia, na barua aliyoifungua, na maandishi hayo hayawezi kufutwa na karani wa kawaida. Sanduku la chuma la chama lina funguo mbili kwa watu wawili, na hili nalo liwe hivyo.

La tatu: inatafutaje? Hapa sisi tunaoandika Kiswahili tuwe macho. Programu nyingi zimetengenezwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mtu akitafuta "lipa", programu huenda ikampa "lipa" na "lipana", isimpe "tumelipwa" wala "hawajalipa". Tena majina yetu huandikwa kwa namna nyingi: Khamis na Hamisi, Mohamed na Moh'd. Ni lazima tujaribu maneno haya haya, tusikubali kuonyeshwa mifano ya mwuzaji tu. Na tukumbuke kuwa stakabadhi zetu nyingi hutumwa kama picha zilizopigwa kwa simu. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki ila kwa programu yenye kusoma maandishi ya picha.

La nne, nalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote: barua hutokaje? Kila mwuzaji huonyesha kwa furaha jinsi barua zinavyoingia. Wachache huonyesha zinavyotoka. Siku kampuni itakapopandisha bei au kufunga mlango, chama kitataka kuondoka na barua zake zote, pamoja na viambatanisho na tarehe zake, katika mtindo unaofunguka kwa programu nyingine. Mitindo miwili ya kutajwa katika mkataba ni EML, ambapo kila barua ni faili moja, na mbox, ambapo barua nyingi hukaa katika faili moja la maandishi. Mitindo hii imekwisha kuzoeleka, na programu nyingi huisoma. Mafaili ya PST ya Outlook nayo yanatumika sana, lakini yale ya mtindo wa zamani, wa Outlook 2002 na yaliyotangulia, yalikuwa na mwisho wa gigabaiti 2, na yakifika hapo yaliweza kuharibika. Walioweka barua zao zote humo bila ya nakala nyingine waliona taabu.

La tano: gharama ya miaka 5 ni kiasi gani? Tusiulize bei ya mwaka wa kwanza tu. Zipo programu zinazolipiwa kwa kila mtu kila mwezi, zipo zinazonunuliwa mara moja na kulipiwa matengenezo kila mwaka, na zipo za bure zinazotaka fundi. Fundi naye si wa bure.

Kwa kupima nafasi tufanye hesabu. Tuseme chama kina meza 5, na kila meza hupokea na kupeleka barua 40 kwa siku. Hizo ni barua 200. Kwa siku za kazi 300 ni barua 60,000 kwa mwaka. Tukikisia kila barua na viambatanisho vyake kuwa kilobaiti 100, jumla ni gigabaiti 6 kwa mwaka, na gigabaiti 60 kwa miaka 10. Diski moja ya kawaida ya terabaiti 1 itazibeba zote na nafasi kubwa itabaki. Kwa hivyo anayetuambia kuwa chama kidogo lazima kinunue mtambo mkubwa, anauza mtambo.

NJIA TATU ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni Thunderbird, programu ya bure ya kusomea barua. Huweza kuchukua barua za anwani zote za chama na kuziweka katika mafolda ya kila mwaka ndani ya kompyuta moja. Lakini liko jambo moja la kuangaliwa. Kwa kawaida yake, Thunderbird ikiambiwa kuhifadhi barua ya akaunti ya IMAP, huiweka katika folda iliyoko kule kule kwenye seva. Akaunti ikifutwa, hifadhi nayo imekwenda. Ni lazima kubadili mpango ili barua ziwekwe katika mafolda ya kompyuta yenyewe. Njia hii haimzuii mtu kufuta, na hutegemea karani akumbuke. Yafaa kwa tawi lenye mtu mmoja au wawili.

Njia ya pili ni kuwa na programu ya hifadhi katika kompyuta ya afisini. MailStore Server, iliyotengenezwa Ujerumani, hukaa katika Windows, huchukua barua kutoka Microsoft 365, Google Workspace na seva za kawaida, na yaweza kujaribiwa kwa siku 30 kabla ya kununuliwa. Iko nyingine ya kampuni hiyo hiyo iitwayo MailStore Home, nayo ni ya bure, lakini ruhusa yake ni kwa matumizi ya nyumbani, si ya chama. Tusijidanganye kwa hiyo. Piler ni programu huria. Haina bei, hukaa katika Linux, hubana barua na kuzifunga kwa maandishi ya siri, na barua iliyopelekwa kwa watu wengi huitunza mara moja tu. Lakini yataka fundi anayeijua Linux, na fundi huyo asiwe mmoja peke yake kisiwani.

Njia ya tatu ni kuziacha barua kwa kampuni inayotuwekea, na kulipia daraja lenye hifadhi. Google ina Vault, inayopatikana katika Business Plus na madaraja ya juu. Microsoft nayo ina hifadhi yake. Njia hii haitaki kompyuta ya afisini, na nakala huchukuliwa bila ya karani kukumbuka. Lakini tusome masharti. Katika Google, akaunti ya mtu ikifutwa, barua zake zilizomo katika Vault hufutwa pamoja nayo. Katika Microsoft 365, leseni ya mtu ikiondolewa, sanduku lake hutunzwa kwa siku 30 tu kama halikuwekewa amri ya kulizuia. Basi mwenye hazina akimwondoa karani aliyeacha kazi ili kupunguza gharama ya mwezi, huenda akafuta miaka 10 ya barua kwa kubonyeza mara moja. Kabla ya kufuta akaunti ya mtu, barua zitolewe kwanza na kuwekwa.

Kwa maoni yetu, chama chenye meza 5 kifuate njia ya pili kwa programu yenye mtengenezaji wa kujibu maswali, au njia ya tatu ikiwa tayari kinalipia barua kwa kampuni hizo. Piler tungeipendelea kwa bei yake, lakini tusiichukue mpaka mafundi wawili wapatikane.

UMEME NA HEWA YA BAHARI

Kisiwa kina mambo yake. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi mwezi wa Mei na Juni 2008, tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya umeme itokayo bara. Pemba ilipata waya wake wa chini ya bahari, kutoka Tanga, mwaka 2010. Anayeweka barua zake zote katika kompyuta moja, ajiulize angefanyaje miezi ile. Na anayeziweka zote ng'ambo, ajiulize atafanyaje siku mtandao utakapokatika na benki inangoja jibu.

Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Sisi twaweza kuifuata kwa wepesi: hifadhi yenyewe afisini, nakala moja mtandaoni, na diski moja iliyofungwa kwa neno la siri katika tawi la mji mwingine, Wete mathalan ikiwa afisi iko Chake Chake. Diski hiyo ibadilishwe kila mwezi, iwekwe mahali pakavu, na ifunguliwe kweli kweli kuonekana kama inasomeka. Unyevu na chumvi haviheshimu muhuri wa chama.

JARIBIO KABLA YA KULIPA

Twashauri mwuzaji ye yote apewe jaribio hili mbele ya wajumbe wawili. Zipelekwe barua 10, moja iwe na hesabu katika kiambatanisho, nyingine iwe na picha ya stakabadhi. Barua moja ifutwe mara tu inapofika. Kisha itafutwe kwa maneno ya Kiswahili, kwa jina la mwanachama, na kwa tarehe. Kompyuta izimwe ghafula kazi inapoendelea, iwashwe tena, na barua zihesabiwe. Mwisho barua zote 10 zitolewe, zifunguliwe katika kompyuta nyingine kwa programu nyingine. Zikiwa 10, mazungumzo ya bei yaendelee. Zikiwa 9, tumshukuru na tumsindikize mlangoni.

MAMBO AMBAYO PROGRAMU HAITAYAFANYA

Programu haitatunza barua isiyoiona. Kwa hivyo jambo la kwanza, kabla ya kununua cho chote, ni kila afisa awe na anwani ya chama, yenye jina la kazi: katibu, hazina, miche, mizani. Mtu akiondoka, anwani hubaki. Vile vile makubaliano mengi siku hizi hufanywa kwa WhatsApp, na hifadhi ya barua pepe haiyaoni. Anayekubaliana na mwuzaji kwa simu au kwa WhatsApp, amwandikie siku ile ile barua pepe fupi ya kuthibitisha yaliyosemwa. Mistari mitatu yatosha.

Pia si kila barua itunzwe milele. Barua zetu zina nambari za vitambulisho, za benki na za simu za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka khabari za mtu zisikae kupita muda wa haja yake. Kamati ipate shauri la wakili, kisha iweke muda. Sisi twapendekeza barua za kawaida zikae miaka 2, mikataba na hesabu miaka 10, na maamuzi ya mikutano mikuu yasifutwe. Mwanachama naye awe na haki ya kuomba kuonyeshwa barua zinazomhusu, wala asiweze karani kuchungulia za wengine.

Hayo ndiyo majibu yetu kwa waliouliza. Fedha zinazoombwa ni kidogo kuliko majamvi 800 yaliyochelewa, lakini zisitoke kabla ya maswali matano kujibiwa na jaribio kufanywa. Mwenye shauri bora kuliko hili na alifikishe tawini kwake, au amwandikie Katibu kabla ya mkutano mkuu. Na akiandika kwa barua pepe, tafadhali aiandikie anwani ya Chama, si simu ya karani.